Mafuta ya Gobore la Marehemu Mzee Numbi

Alhamisi, 24 Julai 2025. Panda, Likasi.

"Mafuta ya pupu ni mawese, basi. Ingine yote ni maneno ya balimu." Ndivyo alivyonirushia Clovis, mimi mwalimu, leo asubuhi kwenye kibanda cha kinyozi, mbele ya watu wanne na mbuzi mmoja. Uongo! Uongo wa mtu ambaye kitabu cha mwisho alichofungua ni cha maelekezo ya pikipiki, tena alikifungua ili achane kurasa za kufungia karanga.

Namkanusha hapa hapa. Mawese ni ya kupikia sombe, majani ya muhogo. Mawese ni majimaji, yanateremka mpaka kwenye baruti, na baruti iliyolowa haina tofauti na majivu ya jiko. Zaidi ya hayo, Clovis ni Clovis.

Kwa wajukuu watakaosoma daftari hili: pupu ndilo gobore, bunduki ya kushindiliwa kupitia mdomoni. Unamimina baruti. Unafunika risasi ya mviringo kwa kipande kidogo cha kitambaa. Unaisukuma hadi chini kwa ufito wa chuma. Kitambaa kikiwa kikavu kinakwama, au kinaungua. Kwa hiyo kinapakwa mafuta. Mafuta gani? Hapo ndipo ukoo wetu umepasuka vipande viwili.

Gobore lenyewe ni moja tu. La marehemu Mzee Numbi, mwindaji wa Kambove, baba wa mke wangu Fortunée na wa Fidélie, mke wa Clovis. Kabla ya kufumba macho alisema bunduki itakuwa ya yule atakayeileta nyama nyumbani Siku ya Wazazi, tarehe mosi Agosti, tunapowakumbuka wazazi wetu waliokufa. Mwaka jana mimi na Clovis tuligombania nani aanze, siku ikapita, tukala maharage. Mwaka huu mama mkwe, Mama Emérance, amepanga mwenyewe: Clovis ataingia porini Jumatano tarehe 30, mimi Alhamisi tarehe 31. Bunduki moja, kila mtu na mafuta yake. Atakayerudi na kabuluku, yule swala mdogo wa vichakani, ndiye mwenye gobore milele.

Nina miaka hamsini na mmoja. Nimefundisha historia miaka ishirini na sita. Sijawahi kumiliki kitu chochote kinacholia "pu!" Nalitaka gobore lile kuliko pensheni.

Alasiri: nimeandika Barua ya Wazi ya thelathini na moja, "Dhidi ya Mawese". Nimeibandika ukutani kwa kinyozi. Kurasa sita. Mbuzi alikuwa msomaji wa kwanza. Alianzia ukurasa wa pili.

Ijumaa, 25 Julai.

Majaribio! Gobore liko Kambove, kwa hiyo nimetumia bomba la maji la zamani, gololi na mpini wa ufagio.

Sabuni ya kufulia: gololi iliteleza vizuri, lakini bomba lilitoa povu mdomoni kama mgonjwa. Hapana.

Mate: wazee wengi walitafuna kitambaa na kukilowesha kwa mate. Ni kweli, yanafaa kwa kulenga shabaha, unapakia na kupiga hapo hapo. Lakini mwindaji anangoja muda wa saa tatu kichakani. Mate yanakauka, na chuma kinaanza kutu. Hata hivyo nilijaribu kwa vitambaa arobaini. Ulimi ulinikauka, nikashindwa kuzungumza hadi saa kumi. Fortunée alisema kwamba katika mafuta yote niliyojaribu, hayo ndiyo yaliyompendeza.

Kisha akauliza vile vitambaa arobaini nimevitoa wapi. Swali la haki. Nilivitoa kwenye kitenge chake kipya cha Siku ya Wazazi. Nilikata pembeni tu! Pembe zote nne. Alinieleza kwa sauti ambayo majirani wa pande zote mbili waliifuata bila shida.

Jumamosi, 26 Julai.

Nimepata! Nimepata!

Nilikwenda kumtembelea mzee mmoja fundi mstaafu, hapa hapa Panda. Nyuma ya nyumba yake kuna ndoo ya grisi nyeusi iliyotoka kwenye kreni ya enzi za wakoloni. Grisi nzito, inanuka kama karakana nzima. Nilitumbukiza kidole, na hadi sasa kidole hakijawa changu tena. Hoja ilinijia yenyewe: grisi iliyozungusha kreni ya tani hamsini itashindwaje na risasi moja ndogo kama karanga?

Mzee alisema grisi ya mashine haipatani na moshi wa baruti, eti inageuka lami ndani ya mtutu. Nilimuuliza amesoma wapi. Akasema hajasoma, ameona. Basi!

Fortunée naye akaleta lake. Aliniuliza kwa nini nisitafute kujua kwa mama yake, ambaye ndiye aliyempikia marehemu mafuta ya gobore kwa miaka thelathini. "Baba Laure," alisema (Laure ni binti yetu wa kwanza), "mama eko pale. Bunduki iko pale. Weye unatafuta nini mu ndoo ya kreni?"

Nilimjibu kwa utulivu. Kwanza, mkwe hamwendei mama mkwe kumhoji. Hatutazamani usoni, hatuzungumzi ana kwa ana, hatuli pamoja. Tukiwa na neno, tunaliambia kitu cha tatu. Ndiyo heshima. Pili, mtu aliyesoma haombi, anagundua. Nilimkataza Fortunée kumuuliza mama yake chochote. Alinitazama kama mtu anayepima kimo cha mlango kabla ya kupitisha kabati.

Jumapili, 27 Julai.

Clovis amejibu Barua yangu ya Wazi. Kurasa sita amezijibu kwa mstari mmoja: "Tutaonana Kambove." Na alama ya dole gumba, nyekundu, ya mawese. Huo ndio mjadala wa kitaifa siku hizi.

Nimeamua kumkatia chanzo. Baada ya misa nilipita sokoni kwa akina mama watatu wanaouza mawese, nikawaeleza kwa hoja kwa nini wasimuuzie mtu mfupi mwenye kofia ya kijani. Walinisikiliza vizuri sana. Wakauliza kama ninanunua au ninapumzika tu. Nimerudi nyumbani na lita tatu za mawese.

Clovis alikuwa ameshanunua yake tangu Jumatatu.

Jumanne, 29 Julai. Kambove.

Tumefika. Baridi ya asubuhi hapa inang'ata masikio. Ukoo wote umekaa uani kwa mama mkwe.

Mama Emérance alitoka jikoni. Niliinamisha kichwa upande, yeye akageuza uso upande wa pili, kama inavyotakiwa. Kati yetu kulikuwa na kinu. Nilikiambia kinu kwamba nakisalimu, na nyumba nzima, na kwamba Likasi wote wazima. Yeye akakiambia kinu: "Kinu, ambia ule bwana karibu. Umwambie pia: bunduki ya bwana yangu haipende kelele. Inapenda mafuta yake." Nilikijibu kinu kwamba nimekuja na mafuta ya kisasa. Mama mkwe akakiambia kinu: "Pole yako."

Sikuelewa kinu kilipewa pole kwa lipi.

Clovis alipita na kidumu chake chekundu, akipiga mluzi. Aliniita "Professeur". Nilimwita "Mama Muuza Sombe". Fidélie alitutenganisha kwa kijiko cha bukari, yaani ugali. Cha moto.

Jumatano, 30 Julai.

Siku ya Clovis. Ee siku tamu!

Aliondoka kabla ya jua kuchomoza, gobore begani, kidumu mkononi. Saa nne asubuhi tukasikia mayowe njiani. Clovis anakuja, shati jekundu kuanzia kifuani hadi kiunoni! Fidélie akaanguka chini akilia kwamba amekuwa mjane. Jirani mmoja akaanza kabisa kuimba wimbo wa msiba. Mimi mwenyewe, nakiri, moyo ulinipasuka kwa ajili ya mjinga yule.

Ilikuwa mawese.

Alieleza akiwa amesimama karai la maji miguuni. Kabuluku alitokea, dume, mnene, hatua ishirini. Clovis alikuwa amelowesha kitambaa "vizuri" usiku kucha, na kuongeza kidogo kwa ajili ya bahati. Alipovuta, gobore lilisema "pshhh", kama mtu anayemfukuza kuku. Baruti yote imelowa. Alipoligeuza kuchungulia, mawese yakamteremkia kifuani. Kabuluku alitazama mambo yote hadi mwisho, kisha akaondoka zake, bila kukimbia.

Nilisema maneno machache tu. Fortunée anadai yalichukua dakika arobaini.

Jioni, jua likiwa bado juu ya miti, Fidélie aliacha mlangoni kwetu kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa kitambaa safi. Akaniambia kwamba mama amesema: hii ni yako ya kesho. Fortunée alikuwa kisimani, hakuona.

Chakula cha safari! Kutoka kwa mama mkwe mwenyewe! Siku moja kabla ya ushindi wangu! Clovis hakutumiwa kitu. Ukoo umeshachagua.

Alhamisi, 31 Julai.

Naandika nikiwa nimechuchumaa. Sitaeleza mahali.

Niliamka alfajiri, nikalifungua kopo. Ndani, kitu cha manjano, kigumu kwa baridi, chenye harufu ya asali na mbuzi. Wengine wangeshangaa. Mimi nimesoma. Nilijua mara moja: jibini! Nimesoma kuhusu jibini la Ufaransa linalonuka na kuganda menoni. Kumbe mama mkwe naye ana ujuzi huo na hajawahi kujisifu. Juu yake vilipangwa vitambaa kumi vidogo vya duara, vimekatwa kwa usawa wa ajabu. Vya kufutia mdomo. Adabu iliyoje!

Mkwe habakizi chakula cha mama mkwe. Kubakiza ni kumtukana. Nilikikatakata juu ya kiporo cha bukari nikala. Ladha: mshumaa. Kiliganda kwenye kaakaa, nikakibandua kwa ukucha. Katikati ya kopo nilitaka kulia. Nikaendelea. Nilifika hadi chini, nikakwangua pembe kwa kijiko ili kopo lirudi likiwa safi. Nilifuta mdomo kwa vile vitambaa vyote kumi, kimoja baada ya kingine, nisije nikaonekana nimedharau hata kimoja.

Kisha porini, na gobore, ambalo mama mkwe aliliosha jana baada ya Clovis, na grisi yangu.

Nilianza na jaribio la kisayansi. Nilipakia, nikalenga kichuguu, nikavuta. PU! Kichuguu kilipoteza kichwa! Milima yote ikaitikia! Nilicheza peke yangu. Nilimtukana Clovis kwa Kifaransa na kwa Kilatini cha misa.

Nikapakia mara ya pili, sasa kwa ajili ya nyama. Baruti, sawa. Kitambaa na grisi, sawa. Risasi ikashuka nusu ya mtutu, ikasimama. Nikasukuma. Haikwenda. Nikagonga ufito kwa jiwe. Haikwenda. Ndani ya mtutu mlikuwa na kitu cheusi kinachonata, kama barabara mpya. Lami.

Hapo kabuluku akatokea.

Alikuwa yule yule wa Clovis, ningeapa. Alisimama hatua kumi na tano, masikio mbele. Mimi nagonga, yeye anatazama. Nilimwomba asubiri. Alisubiri! Nilining'inia juu ya ufito kwa uzito wangu wote. Ukaingia kiasi cha kidole, ukagoma kabisa: hautaki kushuka, hautaki kutoka.

Na hapo ndipo jibini lilipoamua.

Sitaandika mengi. Niliufikia mti. Kwa shida. Kabuluku alisogea hatua mbili, labda kwa huruma.

Nilirudi saa saba, nimebeba gobore lenye ufito uliochomoza mdomoni, urefu wa mkono mzima. Clovis alikuwa ameketi langoni tangu asubuhi akinisubiri, na kiti chake kabisa. "Beau," yaani shemeji, aliniita kwa upole wa kutisha, "fimbo iko mu bunduki, ao bunduki iko mu fimbo?" Alicheka mpaka kofia ya kijani ikaanguka vumbini.

Mama Emérance alilichukua gobore. Alifungua skrubu ya nyuma ya mtutu, akatoa baruti kidogo kidogo kwa maji, akamimina maji ya moto, akangoja, akamimina tena. Maji yalitoka meusi kama wino. Akazungusha ufito taratibu, na ukatoka na kila kitu. Nilitazama kwa pembe ya jicho tu, kwa heshima.

Akakigeukia kinu. "Kinu, uliza ule bwana: mafuta yenye nilimutumia jana aliyapeleka wapi?"

 

Nilikiuliza kinu mafuta gani.

"Nta ya nyuki na mafuta ya mbuzi. Mu kopo. Na bitambala kumi, nilikata na mikono yangu."

Fortunée alinitazama midomo, iliyokuwa bado inang'aa. Tumbo langu likatoa sauti ambayo mtu yeyote angeielewa.

"Baba Laure," alisema Fortunée polepole. "Sema kama haukukula mafuta ya pupu."

Nilisema kwamba mkwe habakizi.

Sijui nani alianza. Nadhani Fidélie. Clovis alijaribu kusimama akashindwa. Na Mama Emérance, ambaye kwa miaka ishirini na nne nimemjua kwa visigino vyake tu, alikishika kinu, akakaa chini, akalia kwa kicheko. Kisha akakisogeza kinu pembeni. Akanitazama. Machoni! "We mutoto wa bantu," aliniambia mimi, mwenyewe, moja kwa moja, "uliyakula YOTE?"

Yote, mama, nilisema. Na vitambaa nilifutia mdomo.

Ndipo na mimi nikaanza kucheka, nikasimama ghafla, nikaondoka mbio. Ndiyo sababu naandika nikiwa hapa.

Ijumaa, 1 Agosti. Siku ya Wazazi.

Mimi na Clovis tulilala tukijua yamekwisha. Hakuna nyama, gobore halina mwenyewe, na leo tena ni maharage mbele ya kaburi la mzee. Tulikaa pamoja ukutani kama wavulana waliofukuzwa shule. Hata nguvu za kutukanana hatukuwa nazo.

Kumbe Fortunée hakulala. Jana jioni yeye na mama yake waliyeyusha nta na mafuta ya mbuzi, vipimo ambavyo wanawake wawili wale wanavijua na hakuna kitabu kinachovijua. Alfajiri akavaa koti la marehemu baba yake juu ya kitenge kisicho na pembe, akachukua gobore, akaingia porini. Ni yeye aliyekuwa akimpakia baba yake gobore tangu utoto. Miaka ishirini na nne ya ndoa, hajawahi kunitajia! Anasema sikuwahi kuuliza, nilikuwa nikieleza.

Saa moja na nusu tukasikia: pu. Mara moja tu. Si kwa fahari, kwa kifupi, kama mtu anayefunga mlango.

Saa mbili na robo alifika langoni na kabuluku mabegani. Ee Mungu! Ua mzima uliruka. Fidélie alipiga vigelegele hadi kuku wakahama. Clovis alinikumbatia, nikamkumbatia, tukakumbuka, tukaachana.

Mama Emérance akasema mbele ya wote kwamba marehemu alisema atakayeileta nyama, hakusema mwenye suruali. Akaliweka gobore mikononi mwa Fortunée.

Tulikwenda makaburini, tukafyeka majani, tukaosha jiwe la Mzee Numbi. Fortunée alimweleza baba yake habari yote, hata ya jibini. Nilipotaka kuongeza hotuba fupi, ukoo wote ulikohoa kwa pamoja. Tulirudi, tukala, tukanywa munkoyo wa mahindi, tukacheza hadi vumbi likafika kiunoni. Mimi nilikula bukari tupu. Mama mkwe aliniletea paja, na kwa mkono wake mwenyewe akaliweka karibu yangu, akasema: "Hii ni ya kula, mwanangu." Watu walicheka upya. Hata mimi. Sijawahi kufurahi hivi nikiwa na tumbo bovu.

Jumapili, 3 Agosti. Panda, Likasi.

Nimerudi nyumbani, tumbo zima, akili ikiwa kali. Nimepitia matokeo kwa haki.

Gobore liko wapi? Ukutani, chumbani kwangu. Clovis ana gobore ukutani kwake? Hana. Nani basi ameshinda? Nimemweleza Fortunée hivyo. Aliniambia nitaruhusiwa kuliosha kwa maji ya moto. "Paka kuosha," alisema, yaani kuosha tu, "na mafuta utayaona kwa macho." Ameficha kopo lake mahali pa juu.

Si neno. Kosa la grisi nimeligundua: haikuwa grisi, ilikuwa baridi. Grisi inahitaji kulainishwa. Kwa kitu gani? Kwa kitu cha majimaji. Na nyumbani nina nini cha majimaji, lita tatu, kimekaa bure tangu Jumapili iliyopita? Grisi ya kreni sehemu moja, mawese sehemu moja! Hakuna aliyewahi kulifikiria. Clovis mwenyewe alipita mchana, nikamwonyesha ndoo, akatia kidole, akasema labda iongezwe sabuni. Mara ya kwanza katika maisha yake amesema jambo la maana. Tumeandika Barua ya Wazi ya thelathini na mbili, sahihi mbili, na kesho naibandika kwa kinyozi, juu kabisa, mbali na mbuzi. Mwisho wake ni huu:

Ninyi wawindaji wa Kambove, wa Buluo na wa Panda, mnaoogopa mapya na kujificha nyuma ya nta za mama zenu! Leteni magobore yenu yote nyuma ya nyumba yangu Jumamosi ijayo, saa tatu kamili, Fortunée akiwa sokoni. Tutayapaka wenyewe, bure. Na kila mmoja aje na fito mbili.